Saumu ya Mama na kayabo

Siku hizi nyumba ya Mama pale Kirumba, Mwanza, inanuka kitunguu saumu kuanzia mlangoni. Jumamosi ile nilimkuta ameshaponda punje tatu kwenye kinu, kazifunikia kisahani.

"Usiguse, bado dakika kumi."

Nilicheka, ingawa kwa hilo yuko sahihi. Ile alisini, kemikali ya saumu inayosifiwa, haimo kwenye punje nzima. Inatokea punje ikishapondwa, na ukiiwahisha kwenye mafuta ya moto hupati kitu. Dakika zilipotimia akachanganya na asali na ndimu, akameza huku kakunja uso.

Kilichonikera kilikuwa juu ya friji: pakiti ya vidonge vyake vya presha, imejaa karibu yote, na tarehe niliyoiandika mwenyewe mwezi uliopita.

"Mayu, na hivi?"

"Saumu inatosha, mwanangu. Hivyo vinanivimbisha miguu."

Habari ya miguu ndiyo kwanza naisikia. Nikamfunga mashine mkononi: 168 kwa 102.

Sikugomba. Saumu si uongo. Wenye presha waliopimwa wakiitumia, namba ya juu ilishuka kama 8 hivi kwa wastani. Basi toa 8 kwenye 168 uone unabaki wapi. Halafu nikafunua sufuria jikoni: kayabo la soko la Mwaloni, sangara aliyelala kwenye chumvi mpaka akakauka kama ubao, limeoshwa mara moja tu, na Mama ameshika kijiko anataka kuongeza chumvi "kidogo ya ladha". Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Nadhani kipande kimoja tu cha pale kingemaliza hesabu.

Jumatatu tulikwenda kliniki. Kumbe ni kweli, amlodipine, vile vidonge vyake, huvimbisha miguu; daktari akambadilishia. Akauliza pia kama anatumia aspirini, maana saumu nayo huchelewesha damu kuganda. Miezi yote hiyo mimi sikuwahi kuuliza.

Sasa kayabo hulowekwa usiku kucha na maji yanabadilishwa, na kila akila analalamika kwamba anatafuna boksi. Vidonge vipya anameza, saumu hajaacha. Jana, wiki ya tatu, mashine ilisoma 138 kwa 86.

"Si nilikwambia?" akasema. "Saumu hiyo."

Nikamsogezea kinu.