Bibi alikuwa anapenda chai gani?

Juzi usiku yule wa mwisho alikuja na daftari mezani. Mwalimu kawaambia waandike habari za bibi au babu, naye akamchagua bibi wa Tukuyu, ambaye alimwona akiwa na miaka mitatu tu. Bibi alikuwa anapenda chakula gani? Magimbi. Alikuwa anaamka saa ngapi? Saa kumi na moja, kila siku ya Mungu. Alikuwa anafanya kazi gani? Kuchuma chai. Akaandika, akanyanyua kichwa. "Sasa baba, bibi alikuwa anapenda chai gani?"

Nikamwambia, andika chai ya maziwa. Akaandika, akafunga daftari, akaenda kulala. Mimi nilibaki pale mezani, kwa sababu nilijua nimemjibu ili anyamaze. Swali hilo nimewahi kumuuliza mwenyewe bibi yake, kwa vikombe vitano, na sikuondoka na jibu.

Ilikuwa Pasaka ya 2012. Wakati huo nilikuwa bado Iringa, na ndio mwaka ule wa chai, ambao kabatini kwangu hapakuwa na nafasi ya sahani. Chanzo kilikuwa safari ya kikazi Mufindi. Tulipitishwa kiwandani, na mwisho tukaingizwa kwenye chumba cha waonjaji. Bakuli nyeupe zimepangwa mstari mmoja, kila chai imepimwa kwa uzito uleule, gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji, dakika 6 kwa kutazama saa, sukari hakuna. Mwonjaji anapita na kijiko, anafyonza kwa sauti mpaka unasikia hewa ikiingia pamoja na chai, anatulia kidogo, anatema, anasogea kwenye bakuli linalofuata. Akatupa vijiko na sisi.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nimezaliwa Rungwe, ambako Wajerumani walipanda chai tangu 1904, nimelelewa kwa pesa ya majani mabichi, nimesomeshwa kwayo. Na siku hiyo ndiyo niliyoonja chai kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa ninakunywa sukari ya moto yenye rangi. Bakuli la nne lilikuwa na kitu ambacho sikuwa na jina lake, kama asali iliyokaa karibu na moshi, na nilirudi kwenye bakuli hilo mara tatu mpaka mwonjaji akanitazama.

Basi nikaanza kutafuta. Kila mwisho wa mwezi nilinunua chai nisiyoijua. Nyingine nilizipenda siku mbili tu, nyingine sikuzimaliza. Miezi minane nilikuwa nimeshapata yangu: chai nyeusi ya Njombe ya majani marefu, ile ambayo jani linasokotwa badala ya kusagwa na kuchanwachanwa na mashine, dakika nne, bila kitu. Nilifurahi sana. Na katika furaha ile nikamkumbuka mama.

Mama alichuma chai kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Kwanza alikuwa kibarua kwenye shamba kubwa, baadaye akahamia kwenye kishamba alichoachiwa na baba. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa na weusi wa utomvu ambao sabuni ya mche haikuwahi kuutoa. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, anatupia nyuma kwenye tenga bila kutazama. Chai aliyokunywa nyumbani ilikuwa ile ya vipaketi vya dukani, chembe ndogo zinazotoa rangi upesi. Aliitia kwenye sufuria pamoja na sukari na kuichemsha mpaka iwe kama tofali. Chai nyingi nzuri ya kwetu ilikuwa inapelekwa mnadani Mombasa. Jani liliondoka mikononi mwake asubuhi, jioni liko kiwandani, na baada ya hapo hakulijua tena.

Nikasema Pasaka hii nitamtengea meza.

Jumatatu ya Pasaka mvua ilikuwa inanyesha kama inavyonyesha Tukuyu mwezi wa nne, haina haraka na haina mpango wa kuisha. Mlima Rungwe hauonekani kabisa. Nilipanga vikombe vitano juu ya kile kimeza cha jikoni, pembeni ya mafiga. Nilikuwa nimekuja na mzani mdogo, nikapima. Mama ameketi kwenye kigoda, kitenge mabegani, ananitazama bila kusema, kama alivyokuwa akinitazama nikifanya hesabu za shule.

Nikaanza kwa kumuuliza. "Mama, wewe unapenda chai gani?"

Akajibu pale pale. "Yenye magimbi."

Nikacheka, lakini alikuwa amenijibu sawasawa. Kwetu ukiulizwa kama umekunywa chai unaulizwa kama umekula asubuhi. Kikombe kitupu bila kitu cha kutafuna si chai, ni maji. Nikamwambia magimbi yatakuja, kwanza tuonje.

Cha kwanza kilikuwa kile cha dukani anachokijua, ila bila sukari. Nikamwonyesha jinsi ya kufyonza. Akakataa. Alitulea tusinywe kwa kelele, tukifanya hivyo mezani tulipigwa kijiko cha mgongo wa mkono. Nikafyonza mimi, mara mbili, mara tatu, mpaka akaona nisipoungwa mkono nitaendelea kuaibika peke yangu, akachukua kijiko na kufyonza. Sauti iliyotoka ilimshtua. Akafunika mdomo kwa kitenge, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Sijui kama niliwahi kumwona akicheka namna ile kabla au baada.

"Hiki ni kichungu," akasema alipotulia. "Hiki kinataka sukari."

Cha pili kilikuwa changu, cha Njombe. Nilikuwa ninamtazama usoni. Akaonja, akaonja tena. "Kizuri," akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kwa zawadi zote nilizowahi kumletea.

Cha tatu kilikuwa chai ya Waingereza yenye harufu ya mafuta ya bagamoti, tunda la jamii ya chungwa, niliinunua kwa bei kubwa dukani Iringa. Akanusa tu, akakirudisha mezani. "Hii imekwenda harusini." Jirani yetu alikuwa ameingia kukimbia mvua. "Ugonile," kaitikiwa, kapewa kikombe. Akakinywa karibu chote akaomba paketi. Nikampa.

Cha nne kilikuwa mchaichai wa pale pale uani, nilichuma mwenyewe asubuhi ile. Nikamweleza kwamba hii si chai, ni majani mengine kabisa, tunaiita chai kwa mazoea tu. Akasema kama inachemshwa asubuhi na inanyweka, hajui kwa nini isiitwe chai. Sikubishana.

Cha tano ndicho nilichokuwa ninakiogopa. Chai ya kijani. Mimi mwenyewe sikuipenda, nilikuwa nimeileta ili mpangilio ukamilike. Maji ya kule juu yanachemka kwenye kama nyuzi 95, hayafiki 100 kama ya pwani, na bado kwa chai ya kijani ni ya moto mno. Nikayaepua, nikangoja mvuke utulie. Wakati tunangoja nikamweleza kwamba jani ni lilelile analochuma yeye. Likisagwa na kuachwa lipigwe na hewa linageuka rangi ya shaba, likikaushwa hapo ndiyo chai nyeusi. Likipigwa moto au mvuke mapema, kabla halijageuka, linabaki kijani.

Mama akawa makini. "Yale yanayopata joto ndani ya tenga yakawa mekundu, ambayo karani anayakataa mzanini?"

"Hayo hayo, mama. Jambo ni lilelile."

"Kumbe wanakataa kwangu kitu ambacho wanakwenda kukifanya wenyewe."

Nikamwambia kiwandani wanalifanya kwa saa na kwa kipimo, likianza mapema njiani linaharibu chai. Akaitikia kwa kichwa, polepole. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa ameyamwaga majani yale mekundu pembeni ya kituo, na hakuna aliyewahi kumwambia ni kitu gani kinachotokea ndani ya tenga lake. Nikaendelea, nikamwambia na hesabu nyingine niliyoipata Mufindi, kwamba kilo 4 hadi 5 za majani mabichi zinatoa kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo zile kilo 40 alizokuwa anachuma siku akiamka vizuri enzi za kibarua zilitosha vikombe zaidi ya 3,000.

"Kwa siku?"

"Kwa siku."

"Na mimi ninakunywa viwili," akasema.

Nikamimina. Rangi ya maji ilibadilika kidogo tu, kama nyasi changa. Akakinyanyua kikombe kwa mikono miwili. Hakufyonza. Alikileta karibu na pua akakaa nacho hapo, na mvua juu ya bati ilikuwa imepungua kiasi kwamba niliisikia pumzi yake ikiingia. Kisha akafanya jambo ambalo bado ninaliona. Alishusha kikombe, akageuza kiganja cha mkono wa kulia, akanusa vidole vyake, vile viwili vyeusi. Akarudi kwenye kikombe, akanusa. Akarudi kwenye vidole.

"Hii inanuka mikono yangu."

Sikujibu kitu.

Akanywa. Akafumba macho. "Hii ni shamba," akasema. "Ni asubuhi, umande haujatoka, hujaanza kuona vizuri unachuma kwa kupapasa. Unajifunga nailoni lakini maji yanaingia tu." Akanywa tena. Alikuwa anaongea taratibu, macho bado kayafumba, na uso wake ulikuwa wa mtu mdogo kuliko yeye.

Nikaona nimefika. Nikajiambia, miezi minane nimetafuta ya kwangu na nimekuja kuipata ya mama kwa asubuhi moja, tena ni ile niliyoidharau. Nikamuuliza, na furaha ikisikika kwenye sauti yangu, "Kwa hiyo mama, unaipenda hii?"

Akafumbua macho.

"Nimesema ninaijua. Sijasema ninaipenda."

Halafu akainuka. Akachukua sufuria ile kubwa, akamimina humo vikombe vyote, cha dukani, cha Njombe, mabaki ya ile ya harusini, mchaichai, na nusu ya ya kijani iliyobaki. Nikanyoosha mkono kumzuia. "Havimwagwi," akasema. Akatia maziwa, akatia sukari vijiko sijui vingapi, akasaga kipande cha tangawizi, akachochea kuni. Ilipopanda akaiepua, magimbi yakatolewa kwenye majivu, na dada na jirani na watoto wa jirani wote wakasogea. "Ndaga fijo," asante sana, mama akaniambia aliponipa kikombe, kwa uzito, kama mtu anayefunga mazungumzo. Tukanywa chai.

Ilikuwa na ladha gani, sikumbuki. Nilikuwa nimenuna kidogo, ninakiri, na nilikuwa ninatazama magimbi yangu badala ya kumtazama yeye. Hiyo ndiyo sehemu ninayoijutia, maana jibu la swali la mwanangu lilikuwa mbele yangu, usoni kwa mama, wakati anakunywa kikombe chake alichokitengeneza mwenyewe, na mimi sikunyanyua macho.

Nilipoondoka kesho yake nilimwachia paketi zote zilizobaki. Hatukulizungumza tena suala lile. Kila nilipokwenda nyumbani nilipewa chai ya sufuria, nikainywa.

Mama alifariki 2019. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake, chini ya sanduku la vitenge nilikuta ile paketi ya chai ya kijani, mdomo wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi wa kushonea. Ile ya Njombe sikuiona, nadhani waliinywa wageni. Hii ya kijani ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Miaka saba. Nikaifungua, haikuwa na harufu tena.

Nimempigia dada simu jana kumuuliza kama mama alikuwa anainywa. Dada aliishi naye muda wote huo, nyumba moja. Amesema hapana, hakuwahi kumwona hata siku moja na chai ya kijani, labda aliwagawia watu, au aliitia tu kwenye nguo iwe na harufu. Nikamshukuru.

Lakini dada alikuwa haamki saa kumi na moja.