Kuhama Chuo Marekani Ukiwa Unategemea Msaada wa Karo

Tangu nirudi Kisumu kwa likizo hii ndefu, swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa mtaani na wazazi wao ni iwapo inawezekana kuhama kutoka chuo kimoja cha Marekani hadi kingine bila kupoteza msaada wa karo. Inawezekana, maana mimi mwenyewe nimehama, lakini jibu hilo likiachwa hapo linapotosha. Fungu ambalo vyuo huwatengea wanafunzi wa kigeni wanaohamia kutoka kwingine huwa dogo kuliko lile la wanaoanza mwaka wa kwanza, na katika vyuo vingi halipo kabisa. Mwanafunzi anaweza kuwa na alama za kupendeza, akapokelewa na kupongezwa, kisha akaarifiwa kwamba msaada wa kifedha hautolewi kwa watu wa kundi lake. Kwa hiyo barua pepe ya kwanza kwa ofisi ya udahili, kabla ya kuuliza habari za kozi au mabweni, inapaswa kuuliza hivi: je, mnatoa msaada wa kifedha kwa mwanafunzi wa kigeni anayehamia kwenu, na je, kuuomba kunapunguza nafasi yake ya kupokelewa? Jibu lije kwa maandishi.

Chuo nilichoanzia, ambacho sitakitaja, kilinipa ufadhili wa kiasi kisichobadilika huku karo yake ikipanda kila mwaka. Pengo lililobaki liliangukia familia. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hawezi kulijaza kwa kazi, kwa sababu sheria inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, na mkopo wa serikali ya Marekani unaoombwa kupitia fomu ya FAFSA haumhusu. Niliomba chuo kiongeze msaada, kikakataa kwa lugha ya adabu sana. Hata hivyo ninamshauri kila mtu aanze kwa kuomba nyongeza mahali alipo, kwani hata ikiwa ndogo inaweza kumgharimu kidogo kuliko kuhama.

Orodha ya vyuo ambavyo humwamua mwombaji wa kigeni bila kutazama mfuko wake, kisha vikamtimizia mahitaji yote, ni fupi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo kwa miaka mingi, na Dartmouth na Bowdoin viliongezeka mwaka 2022. Wazazi wakisikia majina hayo huona njia imefunguka, lakini milango ya wanaohamia ni tundu la sindano. Princeton iliacha kuwapokea mwaka 1990 na haikuanza tena hadi 2018, na Harvard huchukua takriban 12 tu kwa mwaka. Isitoshe, chuo kinaweza kuwa na sera moja kwa wanaoanza na nyingine kwa wanaohamia, na ukurasa wa kwanza wa tovuti yake mara nyingi huzungumzia wale wa kwanza tu. Vyuo vingine vingi vyenye fedha, hasa vidogo vya sanaa huria, hutazama uwezo wa kulipa wakati wa kuamua. Huko ndiko nilikoelekeza maombi yangu mengi, na ndiko nilikopata nafasi. Vyuo vikuu vya majimbo ni vigumu zaidi kwa mtu wa hali yetu. Kwa mfano, mfumo wa Chuo Kikuu cha California hautoi kwa wanafunzi wa kigeni msaada unaopimwa kwa mahitaji, hata kama wamehamia kutoka chuo cha jamii kilichoko mtaa huohuo.

Kuna jambo linalowahusu hata wale ambao hawajapanda ndege. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, hutoka mwezi wa Januari, ilhali masomo ya Marekani huanza Agosti au Septemba, na maombi ya mwaka huo huwa yamefungwa au yanakaribia kufungwa. Mwanafunzi anayeamua kungojea mwaka mwingine hupangiwa nafasi na KUCCPS, idara inayowagawa wanafunzi katika vyuo vya Kenya, tuseme Maseno au Egerton, na kwa kuwa hakuna mzazi anayependa kumwona mtoto amekaa nyumbani, anaripoti na kusoma mwaka mzima. Kwa vyuo vingi vya Marekani, mtu huyo si mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tena. Ni wa kuhamia, hata akikubali kuanza upya na kuacha krediti zake zote, yaani hesabu ya masomo aliyokwisha kufaulu. Harvard, kwa mfano, humhesabu hivyo aliyemaliza mwaka mmoja wa masomo ya shahada popote pale. Mipaka hutofautiana kati ya chuo na chuo, kwa hiyo anayeshika barua ya KUCCPS mkononi na bado anaiwazia Marekani aulize kabla ya kuripoti. Sisemi aache nafasi ya Maseno, kwa maana nafasi iliyopo ni bora kuliko ahadi. Nasema ajue anahama kutoka fungu gani la fedha kwenda fungu gani.

Kazi kubwa ilikuwa kuieleza familia yetu kwa fomu iliyotungwa kwa ajili ya familia za namna nyingine. Fomu ya CSS Profile, inayosimamiwa na College Board, hutozwa dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila chuo kinachofuata. Kwa hesabu ya shilingi, chuo cha kwanza pekee kinapita elfu tatu. Vyuo vingine humpa mwombaji wa kigeni nambari ya kumwondolea ada hiyo akiomba, na vingine hukubali fomu ya ISFAA ambayo ni ya bure, kwa hiyo kunyamaza ni hasara. Mama huuza omena soko la Kibuye. Hana hati ya mshahara wala fomu ya P9 ya kodi ya mwajiriwa, na mapato yake hubadilika kadiri ziwa linavyotoa samaki. Tuliomba taarifa yake ya M-Pesa ya mwaka mzima, tukaichapisha kwenye saiba, na hapo tukakuta kwamba kwa makaratasi mama ni tajiri, kwa kuwa yeye ni mweka hazina wa chama na michango ya wanawake wote wa chama hicho hupitia kwenye laini yake kabla ya kumfikia mwenye zamu. Ofisa wa msaada wa kifedha aliyeko Massachusetts hawezi kulijua hilo. Tulikaa na kalamu ya rangi tukitia alama fedha za chama mstari kwa mstari, nami nikaandika katika sehemu ya maelezo ya ziada jinsi chama kinavyofanya kazi, tukaambatisha barua ya chifu na nakala ya daftari la michango. Shamba la Seme nalo lilitaka maelezo, kwa sababu fomu huuliza thamani ya ardhi, na ardhi hiyo bado ina jina la babu na haiwezi kuuzwa na mtu mmoja. Sioni haya kusema kwamba sehemu hiyo ya maelezo ilitusaidia kuliko alama zangu za hisabati.

Mjomba wangu aliuliza kama fedha hizo zitapitia kwa wakala. Swali lake lilikuwa la haki, kwani sote tunakumbuka wazazi walioandamana Eldoret mwaka 2023 wakilalamika kwamba karo waliyolipa kupitia Kaunti ya Uasin Gishu kwa ajili ya masomo ya Ufini haikufika vyuoni. Msaada wa chuo haupitii kwa yeyote. Hukatwa moja kwa moja kwenye ankara ya mwanafunzi. Swali lake la pili lilikuwa zito zaidi: watu waliochanga kwenye harambee ya tiketi wataambiwa nini? Niliwaambia kwamba mtoto wao hajafukuzwa.

Katika insha ya kuhama, sababu ya fedha haitoshi, hata ikiwa ndiyo ya kweli, kwa kuwa msomaji anataka kujua utasoma nini kwake ambacho huwezi kukisoma ulipo. Mimi niliandika kuhusu masomo ya maji na uvuvi, na sikutia chumvi. Makataa ya vyuo vingi huangukia nusu ya kwanza ya Machi, na kufikia hapo utahitaji nakala rasmi ya matokeo kutoka chuo cha awali. Anayedaiwa karo anaweza kunyimwa nakala hiyo, jambo lisilomshangaza Mkenya yeyote aliyewahi kuona cheti cha KCSE kikizuiliwa shuleni. Ulizia pia krediti ngapi zitakubaliwa, na msaada utadumu kwa mihula mingapi, kwani krediti zikikataliwa na mihula ya msaada ikabaki ileile, muhula wa mwisho utaulipia mwenyewe.

Barua ya msaada ikishafika kwa maandishi, ndipo uombe rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ihamishwe, na si kabla. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo cha zamani huweka tarehe ya kuiachilia. Kabla ya tarehe hiyo unaweza kughairi, lakini ikishapita, chuo cha zamani hakina tena mamlaka juu ya rekodi hiyo, na ruhusa ya kufanya kazi huko hukoma siku hiyohiyo, ndiyo maana niliomba tarehe ya mbali kidogo ili niendelee kulipwa maktabani. Masomo mapya sharti yaanze ndani ya miezi 5 tangu rekodi iachiliwe. Ada ya SEVIS ya dola 350 hailipwi mara ya pili, na viza ambayo muda wake haujaisha huendelea kutumika ijapokuwa ina jina la chuo cha kwanza, mradi usafiri na fomu ya I-20, hati inayothibitisha nafasi yako ya masomo, ya chuo kipya iliyotiwa saini.