Usiku wa Poti 9998

Mwaka 2011, mwaka ule wa mgao wa umeme, nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi moja ghorofani Kariakoo. Wakala wa pesa anatuma meseji, seva inaangalia namba yake, inamrudishia salio. Basi. Mstari mmoja wa jedwali, kwa ufunguo mkuu, yaani namba isiyorudiwa ya kila mstari. Lakini kila mwisho wa mwezi prosesa inapanda mpaka juu, majibu yanachelewa, mawakala wanapiga simu wakidhani wameibiwa.

Kilichoniumiza kichwa ni kwamba diski ilikuwa imetulia tuli. Jedwali zima lilienea ndani ya RAM, kumbukumbu ya haraka ya mashine. Sasa mashine inahangaika na nini?

Dada aliyekuwa kiongozi wetu akaniambia, "Mdogo wangu, data haina shida. MySQL inachoshwa na kusoma sentensi yako." MySQL ndiyo programu iliyotunza kanzidata yetu. Kila SELECT, sentensi ya kuomba data kwa lugha ya SQL, ilipofika ilichambuliwa neno kwa neno, jedwali likafunguliwa, njia ya kutafuta ikapangwa, kuchota mstari wenyewe ilikuwa kazi ndogo mno. Alikuwa amesoma habari za HandlerSocket, programu-jalizi ya Akira Higuchi wa DeNA, Japani, inayoikwepa SQL na kuingia moja kwa moja InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data. Mwenzake Higuchi, Yoshinori Matsunobu, aliandika 2010 kwamba waliifikisha maulizo 750,000 kwa sekunde kwenye seva moja. Sikuamini.

Usiku huo, jenereta ikinguruma uani, tukaiweka kwenye seva ya majaribio. Nikafungua telnet, programu ya kuongea na seva kwa maandishi, kupitia poti 9998, mlango wa mtandao wa kusomea. Nikaandika P, nikabonyeza Tab, 1, Tab, jina la kanzidata, la jedwali, PRIMARY (ndio ufunguo mkuu), safu ya salio. Ikajibu 0 na 1: faharasa, orodha ya kutafutia mistari, iko wazi, na itabaki wazi. Kisha 1 ya faharasa ile, alama ya sawasawa, 1 kwa kuwa natafuta kwa thamani moja, namba ya wakala. Enter. Salio hilo hapo! Hakuna SELECT, hakuna FROM. Nikajaribu namba nyingine, na nyingine, nimeshasimama kitini.

Dada hakushangilia. "Umeulizwa nenosiri?"

Sikuwa nimeulizwa. Yeyote ambaye angeifikia poti ile angesoma salio la mtu yeyote. Tukaifunga kwa faiawoli, tukairuhusu seva ya meseji peke yake. Poti 9999, ya kuandikia, hatukuigusa kabisa. Pesa za watu tuliendelea kuziandika kwa SQL, na hapo naona tulifanya vema.

Mwisho wa mwezi uliofuata nilikaa karibu na simu ya mezani. Ililia saa nne usiku. Wakala wa Mbagala, alikuwa anauliza namna ya kubadilisha laini.