Kuujua Mkono wa Bankslave

Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa abiria wa Nairobi wanaopita mbele ya michoro ya ukutani bila kujiuliza ni nani aliyeichora. Mtu anayekaa dirishani kwenye matatu, huku ubavuni kwake kukipita matatu nyingine yenye sura ya mwanasoka mbele na ya mwanamuziki nyuma, huzizoea rangi hadi akaacha kuziona. Mimi nilizinduliwa na gari moshi.

Mapema mwaka 2013, kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi, mabehewa ya treni ya abiria inayopitia Kibera yalichorwa grafiti za kuhimiza amani. Treni hiyo ilichaguliwa kwa sababu, kwa kuwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 reli iling'olewa papo hapo Kibera. Walioshika makopo ya rangi ya kupuliza walikuwa wachoraji wa grafiti wa Kenya Bankslave, Swift9 na Uhuru B, pamoja na mchoraji Mmarekani Joel Bergner, nao walichora kwa idhini ya wenye reli. Mimi niliyedhani kuwa grafiti ni kazi ya kuvizia usiku nilibaki nimesimama kando ya reli hadi behewa la mwisho likapita, kisha nikaanza kuulizia majina. La Bankslave, ambaye jina lake halisi ni Kevin Esendi, ndilo lililonikaa kichwani.

Kumsaka mchoraji wa kuta ni kazi ya subira. Hakuna kibandiko cha maelezo kando ya mchoro, na saini yenyewe, ikiwa ipo, huandikwa kwa herufi zilizosokotana kama mizizi ya mgumo. Ndiyo maana nililazimika kujifunza kuutambua mkono badala ya jina. Wisetwo, mchoraji mwingine wa kuta, hawezi kukupotea, kwa sababu barakoa zake zina rangi bapa, maumbo ya pembe zilizonyooka na alama zinazokumbusha maandishi ya Misri ya kale. Bankslave ni mtu wa nyuso, na uso hauna mpaka ulio wazi hivyo.

Mnamo Julai 2015, Rais Barack Obama alipokuwa akisubiriwa Nairobi, Bankslave alimchora kwenye ukuta wa kituo cha sanaa cha GoDown, kule Dunga Road katika Eneo la Viwanda. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, kabla ya malori kuanza kuziba barabara, nikautazama ukuta kwanza kutoka mbali kisha kwa karibu, kiasi cha urefu wa mkono. Kwa mbali lilikuwa shavu la mtu. Kwa karibu lilikuwa ukungu wa nukta, rangi juu ya rangi, na chini yake plasta yenye mikwaruzo ambayo hakuna aliyejisumbua kuiziba. Mkono wa mchoraji wa kopo hauugusi ukuta hata kidogo. Akitaka mstari mwembamba hulisogeza kopo karibu na kupitisha mkono haraka, maana akisita kidogo tu rangi hujikusanya na kutiririka. Akitaka kivuli hurudi nyuma na kuuacha ukungu utue wenyewe. Tangu siku hiyo, nikikutana na uso ukutani, jambo la kwanza ninalolitazama ni pale shavu linapoishia na kivuli cha pua kinapoanzia. Hapo ndipo wanaojifunza huchora mstari, na hapo ndipo fundi hujulikana.

Siku hizi kampuni nazo zimegundua grafiti, na mara nyingine hukutana na mkono ninaoufahamu ukitangaza bidhaa. Sina kinyongo, kwani makopo ya rangi hununuliwa na mchoraji hula kama watu wengine, ila nimegundua kwamba kwenye kuta za kulipiwa kila mtu anatabasamu.

Kuna kuta nilizochelewa kuziona. Mwaka 2012, mpiga picha na mwanaharakati Boniface Mwangi pamoja na wachoraji wa grafiti waliwachora wanasiasa kama tumbusi katikati ya jiji, nami nikauona mchoro huo kwenye picha za magazeti tu. Maghala ya zamani ya GoDown nayo yamepisha ujenzi wa kituo kipya. Kwa hiyo nimejiwekea desturi ya kutokusema nitarudi kesho. Nikiona uso mpya nashuka kwenye matatu hapo hapo, hata kama nauli yangu ilikuwa ya kunifikisha mbele zaidi, jambo ambalo makanga mmoja wa njia yetu amekwisha kulizoea.

Karibu na kituo ninachoshukia jioni kuna ukuta wa gereji uliochorwa uso wa mama mzee aliyejifunga kilemba. Hauna saini, na kwa jinsi shavu lilivyofifia kuingia kivulini nimekuwa nikibishana na rafiki yangu kwa miezi kuhusu mwenye mkono huo. Wiki iliyopita nilikuta umebandikwa matangazo ya mganga, namba ya simu juu ya namba ya simu, kuanzia kidevuni hadi kwenye pua. Macho bado yanaonekana. Nililikwaruza tangazo moja kwa ukucha, likatoka pamoja na kipande cha mdomo, nikaacha.