Usiumwagie jiki mkojo wa paka

Watu wengi wameshasikia kwamba dawa za usafi hazichanganywi, na wanalielewa onyo hilo hivi: chupa mbili zisikutane. Kwa mwenye paka, mbwa au kuku, chupa moja inatosha kuleta balaa, kwa kuwa ya pili iko sakafuni tayari. Mkojo una yurea. Ukikaa, bakteria huivunja yurea na kutoa amonia, ile harufu inayochoma pua asubuhi ukifungua chumba alimolala paka. Jiki ikikutana na amonia hutoka kloramini, gesi inayouma macho, koo na mapafu.

Kiasi ndicho kinachoamua. Mkojo kidogo wa sasa hivi, barazani penye upepo, huenda usikukohoze hata mara moja. Shida ni trei ya mchanga iliyokaa siku nne bafuni kusiko na dirisha, halafu mtu anaimiminia jiki isiyotiwa maji na kuinama kusugua. Banda la kuku ni yale yale, pengine zaidi: kuku hana mkojo wa peke yake, ule weupe kwenye kinyesi ni asidi ya yuriki, na kinyesi hicho kikilowa hutoa amonia nyingi. Komba, fagia, osha kwa maji na sabuni, ndipo ufikirie jiki.

Kosa linalofuata huja pale harufu inapogoma kutoka. Mtu anaongeza siki, au ndimu, au dawa ya choo. Zote ni asidi, na asidi ikigusa jiki hutoa klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo hutanda chini, kwenye pua ya paka na ya mtoto anayetambaa. Dawa nyingi za choo zina asidi ya hidrokloriki, kali kuliko siki kwa mbali. Na hapa wengi hawashtuki: ukishaweka dawa ya choo kisha ukamwaga humo humo maji ya deki yenye jiki, umeshachanganya. Spiriti na sanitaiza nazo zikae mbali na jiki. Dawa ya usafi inayouzwa kwa kupimiwa, iliyotiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo, usiichanganye na chochote. Hujui ndani mna nini.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Fungua madirisha, mtoe mnyama. Nyonya mkojo kwa tambara au karatasi, usiusambaze. Suuza kwa maji baridi mara mbili, osha kwa sabuni ya unga, suuza tena mpaka povu liishe. Kwa mkojo wa kawaida ishia hapo. Jiki ina kazi pale penye ugonjwa, kwa mfano mbwa mwenye parvo, kirusi ambacho sabuni pekee haikiwezi. Kwa jiki ya asilimia 3.5, weka mililita 50 katika lita moja ya maji baridi. Maji ya moto huiharibu dawa na kuzidisha mvuke. Acha sakafu ibaki imelowa dakika 10, suuza, ikauke kabisa kabla mnyama hajarudi, kwa sababu paka hulamba nyayo. Pakiwa na uchafu, jiki huishia kwenye uchafu na kirusi kinabaki. Kwa hiyo kuosha kwanza si kwa ajili ya gesi tu.

Dettol na dawa nyingine za jamii ya fenoli si mbadala kwa mwenye paka. Ini la paka halina uwezo wa kuziondoa mwilini kama letu. Dawa zenye amonia nazo hazifai: humnukia kama mkojo, akarudi kukojoa pale pale.

Kwenye godoro na zulia, jiki isifike kabisa. Fuwele za asidi ya yuriki haziyeyuki vizuri kwa maji, ndiyo maana kochi lililooshwa kiangazi hunuka tena masika hewa ikiwa na unyevu. Hapo kinachosaidia ni dawa ya vimeng'enya (enzimu) iliyotengenezwa kwa mkojo wa wanyama. Ilowe mpaka ndani mkojo ulikofika, kisha iachwe muda ulioandikwa kwenye chupa.

Ukianza kukohoa, macho yakitoa machozi au kifua kikabana, toka. Usibaki kumalizia kudeki, wala usimwage kitu kingine ili "kuua" gesi. Toka na watoto na wanyama, ndege wa tunduni kwanza, maana mapafu yake huathirika upesi. Acha milango wazi. Macho yasuuzwe kwa maji safi dakika 15. Maziwa hayasaidii kitu kwa aliyevuta gesi. Mwenye pumu, au yeyote ambaye kikohozi hakitulii, apelekwe hospitali hata kama anaongea vizuri: maji yanaweza kujaa kwenye mapafu saa kadhaa baadaye. Chukueni na chupa zilizotumika, mfuniko ukiwa umekazwa.