Greda Likiwa Kazini na Greda Likiwa Safarini

Nasimamia matengenezo ya barabara kwa mkandarasi mdogo hapa Tabora, na msimu uliopita tulichonga barabara ya changarawe wilayani Urambo. Kazi zetu huchanganya mvua zikikata, na huo ndio wakati malori ya tumbaku yanakimbizana. Nilipokabidhiwa eneo lile, jambo la kwanza nililotaka kulinyoosha ni hili: opereta wangu anaruhusiwa kufanya nini barabarani ambacho dereva mwingine haruhusiwi?

Maana wengi wanaamini mtambo wa barabara hauna sheria, na waopereta wenyewe wamo. Imani hiyo ina chanzo. Greda, mtambo unaochonga barabara kwa bledi (kisu kirefu cha chuma chini yake), linaenda likikata, linarudi upande uleule uso kwa uso na magari, kisha linasukuma kifusi hadi katikati. Ukilibana na kanuni ya kukaa kushoto, barabara haitachongwa milele.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unalitambua hilo. Kifungu cha 34 kinasema sheria ya nchi inaweza kuwaondolea watengenezaji wa barabara, pamoja na madereva wa mitambo yao, kanuni za mwendo barabarani, mradi wawe kazini na wachukue tahadhari zote zinazohitajika. Juu ya masharti hayo mawili ndipo nilipojenga utaratibu wetu.

Kabla mtambo haujashuka nilikwenda kwa trafiki wa wilaya. Nilibeba barua ya kazi kutoka TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa kuwa ile ni barabara ya wilaya (barabara kuu na za mkoa ni za wakala mwingine, TANROADS), nakala za leseni na bima, na mchoro wa mahali vibao vitakaposimama. Nikamwambia, "Afande, tukiwa kati ya vibao hivi na washika bendera wapo, tuhesabu tupo kazini. Tukitoka nje, tuhesabu kama gari lolote." Akautazama mchoro, akauliza, "Na jioni je?"

Swali lile lilikuwa zito kuliko karatasi zangu zote. Tuta la kifusi likiachwa katikati ya njia gizani, linaua mtu wa bodaboda, na hapo huwezi kusema upo kazini wakati opereta ameshalala. Tukaweka utaratibu: ikifika saa kumi alasiri hakuna kukata upya, kilichopo kinasambazwa na kushindiliwa kabla jua halijazama. Opereta wangu, mzee mwenye uzoefu mkubwa, hakupenda. "Mwanangu, mwanga bado upo, tumalize kipande hiki." Nikamwambia, "Mzee wangu, tuta hili tukiliacha, kuna kijana atalikuta usiku." Akateremsha bledi, akaanza kusambaza.

Kuhamia kipande kingine ni habari nyingine. Bledi la greda letu lina urefu wa karibu mita 3.7, kwa hiyo likinyooka linachomoza kulia na kushoto kupita matairi. Mzee hulizungusha mpaka ncha zote mbili ziingie usawa wa matairi, akalinyanyua, kisha hushuka na kuishika ncha ya nyuma kwa mkono kuhakikisha haijatokeza. Ndipo anaondoka, kushoto, polepole, pikapu ikifuata nyuma na bendera nyekundu. Taa ya njano inazunguka juu ya kebini, lakini ile ni ya kuonya watu. Haimpi haki ya kupishwa kama gari la wagonjwa, na nililirudia hilo kila asubuhi.

Safari ndefu tulitumia lobedi, trela la chini la kubebea mitambo. Tajiri wa lobedi alitaka kupakia greda na rola la kushindilia kwa pamoja, akisema mizani watatuelewa kwa kuwa ni mitambo ya barabara. Nilikataa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inapima kila ekseli na inaweka kikomo cha tani 56 kwa uzito wa jumla. Mizani haiulizi mzigo unakwenda kufanya nini. Tulilipia safari mbili, na bosi alinielewa baada ya mabishano.

Saa za kazi nazo hazina msamaha wa greda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Opereta aliyechoka ni hatari kuliko breki mbovu.

Unayeanza kazi msimu huu, weka nakala ya barua ya kazi na leseni kwenye kebini ya kila mtambo, na usilisahau boza. Boza ndilo linalotoka nje ya vibao kila mara kufuata maji, na ndilo trafiki alilolisimamisha kwetu. Dereva alikuwa amefunga mkanda na leseni anayo. Akaruhusiwa, akaenda kuchota.