Ndoo tatu na mizani chini ya mwarobaini: tulivyopunguza makombo shuleni

Nilipotaka kufundisha upotevu wa chakula katika shule yetu ya msingi huku Kongwa, mkoani Dodoma, ushauri wa kwanza niliopewa ni kuwaambia watoto kwamba kuna wenzao wanaolala njaa. Usifanye hivyo. Mtoto wa Kongwa anaijua njaa. Anajua ghala la nyumbani linavyokuwa mwezi wa pili kabla mahindi mabichi hayajatoka. Ukimhubiria hayo anainamisha kichwa, na kesho anabakiza vilevile, kwa kuwa kinachomfanya abakize hakijaguswa.

Ushauri wa pili uliniudhi zaidi: eti kutupa chakula ni tatizo la Wazungu. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ilionyesha kwamba wastani wa chakula kinachotupwa majumbani katika nchi tajiri na nchi za kipato cha kati unapishana kwa kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka.

Mimi nilianza na mizani. Ile ya kuning'iniza, ya kilo 50, inauzwa kama elfu kumi na tano au ishirini, inategemea duka na unavyobembeleza. Tuliitundika kwenye tawi la mwarobaini jirani na jiko. Ndoo zilikuwa tatu, zile za lita 20 za mafuta ya kula. Ya kwanza ni ya mabaki ya sufuriani, ya pili makombo ya sahani, ya tatu maganda na uchafu wa kuchambua. Usizichanganye, kwa sababu kila moja ina chanzo chake. Ndoo ya sufuria ikiwa nzito, umepika kingi kupita idadi ya watoto. Ya sahani ikiwa nzito, ama chakula kina kasoro ama kipimo cha kupakulia ni kikubwa.

Vipimo vya siku za mwanzo tulivifuta vyote. Watoto walikuwa wakisuuza sahani na kumwaga maji humohumo ndooni, basi tukawa tunapima maji. Weka beseni la kusuuzia mbali na ndoo, hatua kumi hivi. Na ndoo tupu ipimwe kila siku, kwa sababu utando wa jana unaongeza uzito. Kutoa uzito wa ndoo ni hesabu ya Darasa la Tatu, waachie wao.

Kisha nikafanya kosa ambalo nimeona shule nyingine zikilifanya. Niliambiwa watoto wanapenda mashindano, nikatangaza kwamba darasa lenye ndoo nyepesi kuliko zote litapata mpira. Siku ya pili makombo yalipungua zaidi ya nusu. Siku ya tatu yakapungua tena, nami nikaamini somo limeeleweka. Siku ya nne mama mpishi akaniita: “Mwalimu, njoo uone nyuma ya vyoo.” Makande yalikuwa yamemwagwa kwenye majani, mengine yametupwa ndani ya shimo la choo. Mifukoni mwa kaptula mlikuwa na maharage. Wakubwa walikuwa wakiwasimamia wadogo mpaka wamalize sahani, na mtoto mmoja wa Darasa la Kwanza alitapika. Chakula kilikuwa kinapotea kilekile, ila sasa kilikuwa kinafichwa. Tangu siku hiyo tunapima kwa shule nzima, hakuna darasa linalotajwa, na hakuna mtoto anayelazimishwa kumaliza. Mpira nilitoa kwa wote. Vipimo vikarudi palepale: kilo 17 hivi za sahani na 9 za sufuria, kwa watoto kama 400.

Kazi ya maana ilianza baada ya hapo. Darasa la Sita walichukua kilo moja ya makombo, wakaichuja, wakaitandaza kwenye sinia na kuichambua punje kwa punje: mahindi huku, maharage kule. Karibu yote yalikuwa mahindi; maharage watoto walikuwa wameyala. Wakabonyeza punje kwa vidole, nyingi zikawa na kiini kigumu cheupe. Watoto wenyewe ndio waliosema, “Mwalimu, haya hayajaiva.” Hakuna bango ambalo lingewafundisha hilo.

Kasoro ilikuwa mahindi na maharage kuingia jikoni pamoja, makavu. Sasa vyote vinalowekwa usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kila kimoja kwenye chombo chake, na maji ya kulowekea yanamwagwa. Mahindi yanatangulia motoni. Maharage yanafuata mahindi yakianza kupasuka. Nyanya zinawekwa mwishoni kabisa, kwa sababu uchachu wake huzuia maharage kulainika. Kuni nazo zimepungua. Maharage yaliyokaa stoo yenye joto mwaka mzima hayataiva vizuri hata ukiyaloweka, kwa hiyo ya zamani yapikwe kwanza.

Tukaja kwenye upawa. Mtoto wa miaka saba alikuwa anapakuliwa sawa na wa kumi na nne. Tumeweka pawa mbili, na vipimo vikavu jikoni ni gramu 120 za mahindi na 40 za maharage kwa mkubwa, 90 na 30 kwa wa madarasa ya chini. Asiyeshiba anarudi kuongezwa. Wengine waliniambia foleni ya kuongeza italeta fujo. Fujo huletwa na sufuria kuisha, basi tenga ndoo moja ya kuongezea kabla hujaanza kupakua.

Kubadilisha makombo kuwa chakula kikavu ndiyo hesabu wanayoipenda kuliko zote. Kilo moja kavu inatoa kilo mbili na nusu hivi za makande. Basi kilo 26 za ndoo mbili ni kama kilo 10 na ushee kavu, yaani zaidi ya nusu debe kwa siku. Debe ndilo wazazi wao wanalochanga, kwa hiyo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Stoo nayo ni sehemu ya somo, kwa maana mahindi yasiyokauka vizuri yakiingia, yanaota ukungu kabla ya kufika jikoni. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu, jaza mahindi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, mahindi yarudi juani. Wakati wa mvua kaanga chumvi kwanza ikauke, la sivyo itaganda hata kwa mahindi makavu. Watoto wameipeleka chupa hii nyumbani, na hilo linanifurahisha kuliko yote, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Makombo yanayobaki wanapewa kuku siku hiyohiyo, kabla hayajachacha. Punje zenye ukungu hawapewi kuku, na bata ndiyo kabisa, kwa kuwa sumu hiyo inawadhuru upesi. Maganda yanakwenda kwenye mboji, sehemu moja ya maganda kwa tatu za majani makavu. Usitie makande humo, yanaita panya.

Ndoo ya sufuria ndiyo iliyochelewa kupungua. Siku za mvua watoto wengi hawaji, ila mahindi yameshalowekwa. Sasa viranja wanahesabu vichwa saa mbili na nusu asubuhi na kumpelekea mama mpishi karatasi. Yaliyozidi yanachujwa kabla ya kuingia motoni, yanaanikwa kwenye turubai mvua ikikatika, au yanapikwa kesho yake baada ya kubadilishiwa maji. Wiki iliyopita ndoo hiyo ilikuwa na kilo mbili, ya sahani nne.